Maswali ya grafu: mihimili, skeli na zile sifuri nyingi

Wiki hii inbox imejaa grafu tupu, nadhani sababu vidato vya nne wako kwenye majaribio ya fizikia. Haya twende.

Shikamoo mwalimu. Swali la pendulamu linasema chora grafu ya T² dhidi ya l, T ni muda wa bembea moja na l ni urefu wa uzi, sasa kipi kinakaa chini? (Makorora)

Marahaba mwanangu. Kinachotajwa kwanza kinasimama, kinachofuata kinalala, kwa hiyo T² wima na l chini. Hata usingeambiwa ungejua, sababu urefu wa uzi unaupanga wewe, unaweka sm 20, 40, 60, halafu muda ndo unakuja wenyewe, na unachokipanga wewe ndo mhimili wa x. Kwenye lebo usiache T² peke yake, weka na yuniti, na yuniti yake ni s² sio s, hapo wengi mnaacha maksi za bure.

Mimi kwenye hiyo hiyo ya pendulamu, upande wa T² nimetumia sm 1 kwa 0.3 ili grafu ijae karatasi, mwalimu wetu kakataa. Kosa liko wapi? (Pongwe)

Umejitafutia tabu tu. Chukua uzi wa sm 40, T² yake inakuja kama 1.61. Kwa skeli yako kila milimita ni 0.03, sasa 1.61 gawa kwa 0.03 unapata 53.67, hiyo nukta unaiweka wapi?? Utakisia, na anayesahihisha naye atakisia. Skeli inayosomeka inatembea kwa 1, 2 au 5, na ndugu zao kama 0.2 au 50. Fanya hivi, T² yako kubwa kabisa ni 4.03 ya uzi wa mita moja, karatasi ina sm 24 kwenda juu, gawanya unapata kama 0.17, sasa hiyo usiitumie, panda hadi namba nzuri iliyo juu yake ambayo ni 0.2. Usishuke hata kwa 0.15 maana nukta ya mwisho itatoka nje ya karatasi. Kwa 0.2 grafu inakula sm 20 na kidogo, na ile 1.61 inakaa sm 8.05, unaiona kwa macho. Halafu andika skeli zote mbili pembeni, ya wima na ya mlalo. Na ukija kutafuta g, yaani mchapuko wa mvuto, ukapata 980 badala ya 9.8 usishtuke, mvuto wa Tanga haujazidi, ni vile mhimili wako wa l uko kwa sentimita.

Katibu wa kikundi chetu cha samaki kaleta grafu ya nguzo, mwezi wa nane laki nne na themanini, wa tisa laki tano, ila nguzo ya pili ndefu mara tatu! (Sahare)

Dada, angalia mhimili unaanzia ngapi, bila shaka 470,000. Ukianzia hapo moja inabaki na elfu 10 nyingine elfu 30, ndo hizo mara tatu. Yawezekana hata hakukusudia, kuna programu zinakata zenyewe. Nguzo lazima ianze sifuri, sababu jicho linapima urefu wake wote. Grafu ya mstari hiyo unaweza kuanzia juu, ila uweke ile zigizaga kwenye mhimili mtu ajue kuna kipande kimerukwa. Mwambieni arudie, msimvue ukatibu.

Nachora uzalishaji wa mkonge nchini, sifuri zimebanana hazisomeki. (Korogwe)

Lebo iandike "Uzalishaji (maelfu ya tani)", namba ziwe 0, 50, 100 hadi 250. Ule mwaka 1964 zilipotoka kama tani 230,000 unakuwa 230, basi. Kinachonisumbua mimi ni huko chini, umeweka 1964, 1970, 1990 na 1998 kwa nafasi sawasawa. Miaka 6 na miaka 20 haiwezi kuwa na upana mmoja bwana, anguko lililochukua miaka mingi linaonekana kama la ghafla. Kwenye Excel achana na grafu ya mstari, chagua ile ya nukta, yenyewe inaipima miaka kama namba na nafasi zitajipanga.