Kwanza mniambie pesa inakaa wapi

Mhariri, swali lenu la wiki hii, kama mtu anaweza kufurahia maisha ya leo huku akitafuta uhuru wa kifedha na kutimiza malengo yake, limenichoma. Mnauliza kana kwamba pesa ya kesho ina mahali pake pa kukaa. Sisi wa Goma, mashariki mwa Kongo, tunaanzia hapo. Mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji ikameza maduka na mali yote iliyokuwa ndani. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia mjini benki zikafunga, mwenye akiba na asiye nayo wakawa sawa. Kwa hiyo nilipoanza kuandika jibu langu lilikuwa fupi: kula leo, kilicho tumboni hakuna wa kukunyang'anya.

Ila namfikiria shangazi yangu, anayeuza sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, soko la Virunga. Miaka mingi alikuwa katika likelemba na akina mama wenzake wa soko: kila juma wote wanatoa, mmoja anabeba. Zamu yake ikifika ananunua mabati machache, anayapeleka Buhene kwenye parsele yake, kiwanja chake cha kujenga. Lakini hakukosa kutenga pesa ya kupika. Jumapili wenzake wanakuja wamevaa vitenge vizuri, naye anawaandalia bugali, sombe (kisamvu), sambaza alizozichagua mwenyewe alfajiri, na soda kwa watoto. Nilikuwa napenda sana Jumapili hizo. Wanaimba, wanasemana, wanapangiana mambo ya soko mpaka giza linaingia. Mume wake hakupenda. "Soda hizo zote ni bati," alikuwa akisema. Shangazi anamjibu taratibu: "Baba watoto, hawa wanaokula hapa ndio wanaonishikia pesa."

Nyumba ikaisha, wakahamia. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, mbingu ikawa nyekundu upande wa Nyiragongo. Walikimbia na watoto, godoro moja na mfuko wa karatasi za parsele. Kesho yake palikuwa jiwe jeusi linalotoa moshi, hata pembe ya bati haionekani. Karatasi anazo mpaka leo. Kisha ardhi ikawa inatikisika mchana na usiku, na tarehe 27 watu wakaamriwa kuhama sehemu kubwa ya mji, nao wakashika njia ya Sake. Waliporudi, akina mama wa likelemba walikutana kabla hata soko halijachangamka. Zamu haikuwa yake. Mwenye zamu akasema apewe yeye kwanza, wengine wakakubali bila maneno. Kwa pesa hiyo alirudi kwenye meza yake ya sambaza.

Sasa naona sikusema sawa pale juu. Wenzake hawakumpa kwa sababu ya chakula tu. Walimpa kwa sababu hakuwahi kuruka juma lake, hata siku za mbalamwezi, sambaza zisipofuata taa za wavuvi na meza ikabaki karibu tupu. Angekuwa wa kula leo peke yake, kama nilivyoanza kuwashauri hapa, angekuwa ameshatoka katika likelemba zamani, na siku ile asingekuwa na wa kumwita.

Basi nasema: weka akiba, tena itangulie sherehe. Simwambii hivyo mwenye mgonjwa nyumbani, wala anayetafuta pesa ya shule ya sekondari (shule za msingi za serikali zilifanywa bure mwaka 2019, sekondari bado inakamua wazazi). Na likelemba nayo si ngome. Benki zilipofunga, ya shangazi ilisimama, maana baadhi ya wanachama walikuwa wamekimbia na waliobaki hawakuwa na noti za kutoa. Imeanza tena, na michango midogo kuliko ya zamani. Shangazi hataki parsele nyingine kwa sasa, anasema mtaji ukue kwanza. Mume wake anataka waanze tena kununua mabati. Kwa hilo mimi niko upande wa mume, ila soda za Jumapili nisingezikata.