Kinu cha bibi ghorofa ya nne

Swali lenu la wiki hii limenigusa pabaya. Mmeuliza kama mtindo wa brutalisti, yaani zege tupu lisilofichwa, unafaa majumbani mwetu na kwenye miji yetu. Mie nilitaka kuandika hapana nikalale, manake mwezi wa pili huu nagombana na mwanangu kwa jambo hilo hilo. Nyumba yetu ya Fuoni imefika kwenye plasta, na yeye keshaona kwenye simu sebule za watu zenye ukuta wa kijivu na kochi jeusi, anataka wa kwetu uachwe vile vile. Namwambia baba, ukuta wetu wa matofali, zege ni nguzo na linta tu, na kwangu mie nyumba isiyopigwa plasta ni nyumba iliyoishiwa pesa.

Lakini nikikaa nikifikiri naona sebule siyo inayoniuma. Kinachoniuma ni Michenzani, yale majumba marefu ya ghorofa hapa Unguja, maana nimekulia kule. Mgeni akija anatembezwa Mji Mkongwe, ule umeingizwa urithi wa dunia tangu 2000 na unastahiki, lakini akipitishwa Michenzani anaambiwa haya majumba tu, na anayemwambia hivyo ni mtu wetu, pengine kazaliwa humo humo! Majumba yale yamepakwa rangi, najua, na wataalamu watabishana kama ni brutalisti kweli au siyo, mie naona ni ukoo mmoja. Hata hilo jina watu wanadhani ni ukatili, kumbe asili yake Kifaransa, béton brut, zege bichi, zege kama lilivyotoka kwenye mbao za kulimwagia. Le Corbusier, yule msanifu majengo, alimaliza jumba lake la ghorofa la Marseille, Ufaransa, 1952, ndani akatia maduka na juu ya paa skuli ya watoto wadogo. Sie baada ya Mapinduzi ya 1964 wakaja Wajerumani wa Mashariki na ramani zao, Mzee Karume akataka watu wa Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe, watoke kwenye vibanda vya udongo waingie ghorofani, na wazee wetu wengi wakaenda kubeba mchanga na kokoto kwa kujitolea.

Sasa nikuhadithieni. Bibi yangu alitoka Wete, Pemba, kuja kuishi na sisi ghorofa ya nne, akaja na kinu chake cha mfenesi na mchi wake, vikapandishwa ngazi kwa ngazi na vijana wawili. Bibi akiuza vitumbua. Mchele anauroweka usiku, na kabla ya alfajiri anautwanga. Shamba kinu kinakaa kwenye mchanga, sauti inaingia ardhini inakwisha, lakini juu ya sakafu ya zege ule mdundo hauna pa kwenda, unashuka na nguzo, unapita kwenye kuta, mtu wa ghorofa ya kwanza anauskia kama uko uvunguni mwake. Na chini yetu hasa alikaa mzee mmoja akifanya kazi bandarini, akirudi usiku mkubwa kachoka. Siku ya kwanza alikaa kimya. Siku ya pili alipiga dari kwa kipini cha ufagio, bibi akadhani naye anatwanga. Siku ya tatu tukaskia hodi.

Mie nilikuwa na miaka minane hivi, nimejibanza nyuma ya pazia. Mzee yule alisimama mlangoni na kanzu ya kulalia, macho mekundu, akasema, "Bi mkubwa, nakuomba radhi, lakini kinu chako kinatwanga kichwa changu." Bibi hakujibu kitu, alimvutia kigoda, akaendelea kuchota unga kwa kiganja, unga mweupe umemjaa mpaka kwenye kope, kisha akamwambia, "Mwanangu, mie sikujua kama nyumba yako iko ndani ya kinu changu." Akamtilia chai na vitumbua vitatu vya jana. Mzee akala, akashuka. Magharibi akapanda tena kabeba kipande cha tairi la lori na magunia mawili ya karafuu, akavipanga mwenyewe, tairi chini, magunia juu, akaweka kinu, akatwanga mara mbili tatu akiskiliza kwa sikio lililoinama. Mdundo ukabaki, ila umekuwa mdogo, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu.

Miaka ikapita hivyo. Halafu asubuhi moja bibi hakuamka kutwanga, homa imemshika, na sisi wa humo ndani bado tumelala. Kabla jua halijatoka mzee yupo mlangoni, anauliza kinu kimenyamaza kwa nini. Nyuma yake mwanamke wa ngazi ya pili na uji kwenye kibakuli.

Nilianza kuandika kwa hasira na zege, sasa sijui hasira imekwenda wapi. Shida zipo na sizifichi. Maji yalikuwa hayapandi, ndoo tumebeba mpaka mabega yakaota sugu. Na zege kisiwani linataka uangalizi, chumvi ikiingia nondo inashika kutu, inavimba, zege linabanduka. London lilikuwepo jumba la namna hii, Robin Hood Gardens, la 1972, wakaanza kulibomoa 2017, na mwaka huo huo makumbusho ya V&A yakachukua kipande chake yakakihifadhi. Mie sitaki kipande. Nataka Michenzani izibwe nyufa, ipandishiwe maji, watu wakae.

Na kwa mwanangu, kuta zitapigwa plasta, hilo halina mjadala. Ila nguzo moja, ile ya kati ya sebule na ukumbi, nimesema iachwe tupu, almuradi fundi aikague kwanza na nikiona doa la kutu inafunikwa siku ile ile. Kinu kipo kwa dada yangu Kikwajuni, mchi umepasuka kidogo. Jumamosi nakwenda kukichukua kikae chini ya nguzo hiyo.