Michezo ya kufundishia ukunga: rozela na vizibo kwanza, miwani baadaye

Dada mleta mada, umeuliza kama chuo chenu hapo Mbeya kitumie bajeti ya mwaka huu kununua miwani ya uhalisia pepe (ile ukiivaa unaona picha za kompyuta kana kwamba umo ndani yake) ya kufundishia wakunga, maana wakubwa wenu wameambiwa huko ndiko elimu ya afya inakoelekea. Mimi ni mkunga. Nimekaa leba miaka tisa, Rungwe na Iringa, na huu ni mwaka wa sita nafundisha. Jibu langu: michezo ndiyo, miwani bado. Vumilieni urefu, jambo hili liko moyoni mwangu.

Nilikuwa na mwanafunzi aliyeongoza darasa. Hatua za kumsaidia mtoto asiyelia alizitaja bila kukwama. Usiku mmoja wa Julai, baridi ile mnayoijua, tuko zamu katika hospitali moja ya wilaya, akazaliwa mtoto amelegea, kimya. Tuna dakika moja tu ya kumwanzishia pumzi, ile ambayo mafunzo ya Helping Babies Breathe, yaliyoanza 2010, yanaiita dakika ya dhahabu. Binti akashika ambu, ule mfuko wa kuminya unaompulizia mtoto hewa, akaweka maski, akaminya. Kifua hakikupanda. Akaminya kwa nguvu zaidi. Hewa ilikuwa inavuja pembeni ya maski, yeye macho yako kwenye saa ya ukutani. Nikaingia, nikaweka kichwa sawa, nikabana maski, kifua kikapanda. Mtoto akalia. Binti naye akalia, koridoni, mpaka kunakucha. "Madamu, nilikuwa najua kila kitu." Alijua kweli. Mikono yake ndiyo ilikuwa haijawahi kukosea mahali ambapo hakuna anayeumia.

Hilo halikuwa la binti yule peke yake. Hospitali ya Haydom, kule Manyara, watafiti waliandika mwaka 2013 kwamba mafunzo ya siku moja yaliwafanya wahudumu wawe wazuri kwenye mwanasesere wa mazoezi, lakini chumba cha kuzalishia hakikubadilika. Walipoleta mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua. Hayo yalichapishwa 2015. Mwanasesere ni yuleyule. Kilichobadilika ni marudio. Na mtu mzima aliyechoka na zamu atarudia kitu kwa hiari kama kina ladha ya mchezo. Angalia wanaocheza drafti kwa vizibo vya soda pale stendi: hakuna anayewalipa, na kila siku wapo.

Basi nieleze ninachofanya kila Alhamisi. Nachemsha rozela, ndiyo damu yetu ya kuigiza, nachanganya na uji mwepesi ili iwe nzito kidogo, napima kwenye jagi. Namwaga kwenye kanga kuukuu, pedi, mpira wa kitanda, nyingine sakafuni. Makundi yanaingia, yanaandika makisio yao ya damu, halafu nataja kiasi halisi. Aliyekaribia anapata kizibo cha soda, ndiyo alama yenyewe. Mara ya kwanza nilimwaga mililita 700. Makundi manne yakaandika 250, 300, 300 na 400. Chumba kilinyamaza. Ukikisia 300 hujaanza hata kuhangaika, kumbe mama amevuka 500, kiwango ambacho sote tulifundishwa kwamba hapo anavuja damu kupita kiasi.

Hapohapo natoa kadi: mapigo 118, mama anasema anaona giza, kondo limetoka. Fanyeni. Mmoja anasugua mfuko wa uzazi, mwingine anataja oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, na kipimo chake, mwingine dripu na asidi traneksamiki, dawa ya kusaidia damu isiendelee kuvuja, mwingine anakagua kama kuna mchaniko. Anayesubiri mwenzake amalize ndipo aanze, kundi linapoteza kizibo. Kanuni hiyo nimeitoa kwenye utafiti wa E-MOTIVE wa mwaka 2023, ambao Tanzania ilishiriki pamoja na Kenya, Nigeria na Afrika Kusini: damu ikapimwa kwa mfuko wenye alama badala ya kukisiwa, tiba zikatolewa kwa pamoja, na matukio makubwa yatokanayo na kuvuja damu yakapungua kwa asilimia 60. Nikiwasimulia hayo baada ya kukosea makisio wenyewe, hawasahau. Nikiwasimulia kabla, wanaandika kwenye daftari, basi.

Michezo ya simu nayo ina nafasi yake. Upo uitwao LIFE, wa Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na wenzetu wa Kenya, unaompitisha mchezaji kwenye huduma ya dharura ya mtoto. Unafundisha mpangilio na uamuzi wa haraka, na mtu anaweza kuucheza bwenini. Hewa inayovuja pembeni ya maski simu haiwezi kukuonyesha.

Kosa moja msilirudie. Niliwahi kubandika ukutani orodha ya alama za kila mwanafunzi. Baada ya wiki tatu wengine walikuwa wamekariri mfuatano wa kadi, na binti mmoja mpole aliyekuwa wa mwisho akaacha kuja Alhamisi. Niliing'oa, nikamfuata mwenyewe kumwomba radhi. Tangu hapo alama ni za kundi, na kadi nachanganya upya kila wiki. Mchezo ukiisha tunakaa dakika kumi, kila mtu anasema alipobabaika, na mimi naanza na langu. Dakika hizo kumi msizikate hata siku mkichelewa.

Kwa hiyo hela yenu: wanasesere wa kutosha, ambu na maski za saizi zote mbili za watoto wachanga, mifuko ya kupimia damu, na saa za mwalimu kwenye ratiba, kwa sababu bila saa hizo vyote vitakaa kabatini. Kikibaki kitu, leteni miwani miwili, mjaribu kwa muhula mmoja, mtuambie hapa.

Kadi zangu ziko 40, zote kwa mwandiko wa mkono. Jumapili nikitoka kanisani nitazipiga picha niziweke hapa chini, mzichukue na mzirekebishe mnavyoona inafaa.