Waliowauzia askari: mama ntilie, wafuasi wa kambi au wachuuzi?

SWALI: Natafsiri makala ya historia kuhusu wanawake walioandamana na majeshi ya Ufaransa, wale walioitwa vivandière au cantinière. Nimeandika: "Mama ntilie hawa wa jeshi waliuza askari mvinyo." Mhariri anataka "wafuasi wa kambi". Lipi sahihi?

JIBU: Yaache yote mawili.

"Wafuasi wa kambi" ni Kiingereza kilichovikwa maneno ya Kiswahili. Kwetu mfuasi hufuata imani, chama au kiongozi. Tena linawadhulumu wanawake hawa, maana linawachanganya na kila mtu aliyekuwa nyuma ya msafara. Amri ya Aprili 1793 iliwaondoa wanawake katika majeshi ya Ufaransa, lakini ikawabakiza wafua nguo na hawa wauzaji. Walikuwa na kibali, kwa kawaida wakiwa wake wa askari wa kikosi hichohicho. Katika karne ya 19 walivaa hata sare, kipipa cha brandi kikining'inia ubavuni.

"Mama ntilie" ni neno tamu, naelewa kwa nini limekuvutia. Ila limezaliwa na "nitilie": mteja huomba atiliwe chakula kilichokwisha kupikwa. Cantinière aliuza pia pombe, tumbaku na vitu vidogovidogo vya matumizi. Msomaji wa Dar es Salaam ataona sufuria ya wali, na picha nzima itapotea.

Mimi ningeandika "mchuuzi wa kikosi". Mchuuzi huuza rejareja, na anaweza kuwa mtu wa kutembea na bidhaa zake. Kwa kuwa neno halionyeshi jinsia, anza na "mwanamke mchuuzi wa kikosi", kisha endelea na "mchuuzi". Usijaribu "mama kantini". Kantini yetu imetulia mahali pamoja.

Lakini usitumie "mchuuzi wa kikosi" kwa kila mwanamke aliyefanya biashara vitani. Mary Seacole, mzaliwa wa Jamaika, alifungua nyumba yake ya chakula na bidhaa karibu na Balaclava mwaka 1855, wakati wa Vita vya Krimea. Hakuwa wa kikosi chochote. Huyo mwite mfanyabiashara.

Kuna kosa kubwa zaidi ambalo hukuliuliza. "Waliuza askari" maana yake askari ndio bidhaa! Hapa panahitaji kauli ya kutendea pamoja na kiambishi cha mtendewa: "waliwauzia askari mvinyo". Pitia makala yote, kwani kitenzi hiki bila shaka kimejirudia.