Kima wa majabali ya Vân Long: lenzi ya milimita 300 itatosha?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Novemba nakwenda Hanoi kwa mafunzo. Nasikia kusini ya mji huo, mkoa wa Ninh Bình, kuna bonde la maji lililozungukwa na majabali ya chokaa, Vân Long, lenye kima adimu. Lenzi yangu inaishia milimita 300. Nijisumbue kwenda?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Nenda, dada yangu, wala usisite. Huyo ni langur wa Delacour, jamaa wa mbali wa mbega wetu: mla majani, mweusi tii, ila kuanzia kiunoni hadi mapajani ni mweupe kama aliyevaa kaptula. Nje ya Vietnam hayupo porini popote, na huko kwenyewe hawafiki 300. Wengi wako hapo Vân Long, hifadhi tangu 2001. Kwingi kwingine wamemalizwa na wawindaji wanaotaka mifupa ya kupikia dawa, na milima ya chokaa inapasuliwa kwa ajili ya saruji. Inaniuma sana.

Panda mtumbwi wa alasiri. Novemba jua la huko huzama saa kumi na moja na kitu, kwa hiyo saa tisa uwe umeshaingia majini, maana jioni ndipo wanaporudi kwenye mapango yao ya kulala. Mama anayepiga kasia anawajua. Tazama anakotazama yeye, na usimhimize akusogeze chini ya jabali. Wakikawia, piga picha yangeyange.

Mguu wa kamera uache hotelini, mtumbwi unayumba. Bana viwiko mbavuni, kasi ya shata isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde. Mwanga ndio mtihani: kamera ikipimia mwili mweusi, ile kaptula inaungua, linabaki doa jeupe tupu. Punguza mwanga hatua moja hivi, kisha kuza picha kwenye kioo uone kama manyoya meupe yanaonekana.

Kwa milimita 300 hutapata uso umejaa fremu, na mimi sioni hasara. Picha za Vân Long ninazozipenda ni zile ambazo kundi zima ni nukta chache, halafu unaona nyufa za jabali, miti iliyong'ang'ania mawe, na maji chini yake. Huko ndiko wanakoishi, na picha ya uso peke yake haikuambii hivyo.

Wachanga wana rangi ya machungwa, huonekana kwa mbali kabla ya wakubwa. Ukimwona mmoja, weka fokasi hapo hapo. Mama yake au jike jingine yuko naye.