Gurami Kutaga Si Kazi, Kazi ni Kulea Vifaranga

Ukitaka kuzalisha gurami, samaki wa mapambo wa tangini, nyumbani, anza na chakula cha vifaranga, wiki mbili kabla hujamkutanisha dume na jike. Najua wengi huanza kwa kutafuta dume lenye rangi kali. Lakini gurami wa madoa matatu, wale wa buluu wanaopatikana kwa urahisi madukani, hutaga bila kubembelezwa, na jike mmoja aliyekomaa hutoa mayai mamia, pengine zaidi ya elfu kwa mkupuo. Vifaranga wengi hupotea katika siku za mwanzo kwa sababu ya njaa, huku mwenyewe akilaumu maji.

Kama umezoea gapi, samaki wadogo wa mapambo wanaozaa watoto hai, sahau ulichojua. Mtoto wa gapi huzaliwa mkubwa na hula unga wa chakula siku hiyo hiyo. Kifaranga wa gurami mdomo wake haumezi hata atemia, kamba wadogo sana wa maji ya chumvi, aliyeanguliwa leo. Anachoweza ni vijidudu vidogo vya majini, infusoria, na hivyo unavifuga mwenyewe. Jaza chupa pana ya kioo kwa maji ya tangi lako la zamani, si ya bomba. Tia jani moja la letusi lililonyauka au kipande kidogo cha ganda la ndizi, uweke mahali penye mwanga. Maji yatachafuka na kunuka, kisha baada ya siku chache yataanza kung'aa tena. Mulika kwa tochi: ukiona kama vumbi linalojisogeza lenyewe, chakula kipo. Andaa chupa tatu kwa kupishanisha siku, kwa sababu moja hufifia upesi. Kiini cha yai la kuchemsha kinaweza kukuokoa siku moja, ila kinaharibu maji haraka, sikipendi.

Kuhusu wazazi, tazama pezi la mgongoni. La dume ni refu na limechongoka, la jike ni fupi na la mviringo. Rangi isikudanganye, gurami wa dhahabu na wa buluu wa madoa matatu ni spishi moja na watazaana. Nunua vijana watano au sita uwakuze pamoja, utapata nafasi ya kuchagua. Walishe vizuri, na viluwiluwi vya mbu ndiyo chakula bora cha kumjaza jike mayai. Ukivifuga kwenye ndoo, funika kwa chandarua na uvivune vyote kabla havijawa mbu.

Tangi la kuzalishia liwe la lita 40 hadi 60, lakini maji yawe na kina cha sentimita 15 hadi 20 tu. Usitie changarawe. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi siku nzima kwanza, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Joto liwe nyuzi 27 au 28. Dar es Salaam na Mombasa miezi ya joto hutahitaji hita. Nairobi au Mbeya mwezi wa Julai, hita ni lazima. Weka mimea inayoelea, na kichaka kizito upande mmoja ili jike apate pa kujificha, kwani dume akishaanza kujenga humfukuza kwa ukali na anaweza kumuua. Chujio la sponji litoe mapovu machache sana, maana maji yakitikisika kiota hakikai.

Dume hujenga kiota cha mapovu juu ya maji. Wakiwa tayari, humkumbatia jike chini ya kiota, na mayai, kwa kuwa yana mafuta, hupanda yenyewe. Wakimaliza, mtoe jike mara moja. Muache dume, yeye huokota kwa mdomo mayai yanayochomoka na kuyarudisha. Akiyala mara ya kwanza usimtupe, madume vijana hufanya hivyo na wengi hutulia baadaye. Mayai huanguliwa ndani ya siku moja au moja na nusu, vifaranga wakabaki wananing'inia kwenye mapovu kwa siku mbili tatu. Wakianza kuogelea kwa mlalo mbali na kiota, mtoe dume na uanze kutia infusoria kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Atemia wafuate baada ya wiki moja hivi, ukishaona matumbo yanakuwa ya rangi ya chungwa ujue wanakula.

Kitu ambacho wanaoanza hukipuuza zaidi ni mfuniko. Gurami huvuta hewa kwa kiungo kinachoitwa labirinthi, na kwa vifaranga hukua kuanzia kama wiki ya tatu. Wakipanda juu kuvuta hewa baridi, hufa kwa wingi. Funika tangi hadi hewa iliyo juu ya maji iwe na joto na unyevu, na usilifungue ovyo.

Badilisha maji kidogo kwa mpira mwembamba wa pampu ya hewa, na mapya yawe na joto lile lile. Watenganishe kwa ukubwa mapema, wakubwa hula wadogo. Zungumza na wenye maduka kabla hujawa na samaki mia tatu wa kulisha, na wanaobaki usiwamwage mtoni hata kama unawaonea huruma.

Gurami wa aina ndogo (dwarf gourami), wenye mistari myekundu na buluu, waache kwanza. Wanashambuliwa na kirusi kisicho na tiba, na mgonjwa mmoja anaweza kukupotezea wazazi wote. Siku ukiwataka, wakae peke yao wiki kadhaa kabla hawajagusa tangi lako.