Roka za rola zinagonga: usikimbilie kukaza nati

Ndugu, roka za rola (mikono yenye kigurudumu inayosukuma valvu) zikigonga mara tu baada ya kufungwa kwenye injini ya V8 ya tapeti za oili (vipande vinavyokaa juu ya kemu na kujirekebisha kwa oili), anza na urefu wa pushirodi (fimbo kati ya tapeti na roka) kabla ya kuongeza kukaza. Paka ncha ya valvu wino wa maka peni, weka springi laini ya kupimia badala ya springi ya valvu ili tapeti isibonyee, funga roka, zungusha krenki kwa mkono mara mbili, kisha fungua. Alama iwe nyembamba na katikati. Ikiwa pana au iko pembeni, tafuta pushirodi za urefu mwingine, la sivyo gaidi ya valvu (bomba linaloongoza shina la valvu) italika upande mmoja.

Marekebisho sasa: kwenye kila silinda, valvu ya ekzosi (ya kutoa moshi) ikianza kufunguka, rekebisha ya inteki (ya kuingiza hewa), inteki ikikaribia kufunga, rekebisha ekzosi. Kaza nati ya roka huku ukiichezesha pushirodi juu na chini (kuizungusha kwa vidole hudanganya sana). Mchezo ukiisha, ongeza nusu mzunguko, funga skrubu ya katikati ya nati.

Tena, ukitoka roka za uwiano wa 1.5 kwenda 1.6, valvu iliyopanda milimita 11.4 sasa inapanda 12.2. Hakikisha springi hazibani hadi koili kugusana, na angalia mikwaruzo ya roka ndani ya kava ya valvu.